Mafundo ya Baba Dina

Kasokola, 3 Machi 2024

Dina, bomba lililomuua baba yako nimelipata! Liko kwa Felisiani, mnunua vyuma chakavu, limepasuka ubavuni. Nimemwambia, "Mwanangu anasomea uinjinia wa vyuma, Dar nzima inamjua, lete hapa." Kalitoa. Nakutumia kwa basi.

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko. Hujambo? Mie mzima, ila magoti. Baba yako bado anakohoa uani kila saa kumi jioni, muda wake wa kutoka zamu kiwandani. Natoka, hayupo. Mwaka wa tatu huu. Nyanzala, mjane wa Kasimu, hanisalimii: anasema baba yako alisinzia, maji ya boila, ile mashine ya mvuke, yakakauka, bomba likapasuka, mumewe akafa naye. Kaburi halijawekwa msalaba, ndugu wanaogopa maneno. Niambie wewe msomi: alisinzia?

Mama yako

Dar es Salaam, 20 Aprili 2024

Shikamoo mama, pole na magoti. Mie sijambo.

Bomba nimelikata maabara. Ni chuma cha kustahimili moto, lakini si milele. Kikibeba presha kwenye moto mkali miaka na miaka, kinatanuka polepole, jicho halioni. Mwishoni kutanuka kunakwenda mbio, kinapasuka. Maji yangekauka ghafla, kingo za mpasuko zingekuwa nyembamba kama kisu. Hizi ni nene, zina nyufa ndogo ndogo. Ila sina cha kuonyesha miaka hiyo. Baba hakuacha vipimo?

Mwanao Dina

Kasokola, 9 Juni 2024

Mwanangu, hujambo? Usinichukie kwa kukaa kimya. Mie chakula hakipiti.

Ndugu walikuta kamba ya mafundo kwenye shati lake. Wakasema alikuwa anafunga watu kwa uganga. Nikaogopa, nikaitia kwenye kopo, nikaifukia chini ya jiwe la kusagia. Miaka yote hii nasaga juu yake, mie mama wa injinia! Nimeifukua, hiyo hapo.

Asubuhi ile aliniambia, "Mama Dina, bomba linanenepa, wakubwa hawanisikii." Nikamcheka: "Afadhali lenyewe, wewe unakonda." Hatukuongea tena.

Mama yako

Dar es Salaam, 28 Juni 2024

Shikamoo mama. Umekula?

Kamba nimeizungusha kwenye bomba. Kila boila lilipozimwa kusafishwa, baba alilipima bomba hivyo, akafunga fundo pale kamba ilipokutana. Mafundo ya mwanzo yamebanana kama punje za ulezi. La mwisho limeachana na mwenzake upana wa kidole. Hivyo ndivyo chuma hiki kinavyokwenda kabla hakijapasuka.

Hakusinzia, mama. Alikuwa macho kuliko wote. Naja na kamba, na barua ya mwalimu wangu wa chuo inayothibitisha haya.

Mwanao Dina

Kasokola, 7 Julai 2024

Nimemsomea Nyanzala barua yako mara mbili, kwa sauti, majirani nao wasikie! Marahaba mwanangu. Nimekula.

Nyanzala akasema, "Kumbe alijua litapasuka, na bado akaingia na Kasimu wangu?"

 Nikamwambia tu, "Aliwaambia wakubwa. Akaniambia na mie, nikamcheka." Akanishika mkono. Tukalia.

Jana saa kumi baba yako akakohoa tena. Sikutoka. Nikamwambia nikiwa humu humu ndani, "Subiri, mwanao analeta kamba yako."

Optatus seremala ameshachonga msalaba. Nyanzala atakuja na watoto wake. Nyie wote mje, na huyo mwalimu aje amuone aliyekuzaa: tunausimika msalaba kaburini Jumamosi, tarehe ishirini Julai.

Mama yako