Chai ya Mama Inatoa Povu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada kabla sijapata kichaa, maana mke wangu amefungasha na kurudi kwao, mimi nafua mazulia ya watu hapa hapa nyumbani na yeye ndiye humpikia mama yangu, sasa mama akaanza kulalamika kwamba chai ina ladha ya sabuni, siku moja ikatoa povu kabisa na tumbo likamkata hadi tukamkimbiza zahanati, nikamuuliza mke wangu akasema, "Baba watoto, si mimi, ni maji," nami nikamwambia mbele ya wapangaji wote kwamba mchawi ni yeye, kwa sababu Shangazi maji ya kwetu yamebarikiwa, mtaa mzima yakikatika ya jikoni kwetu bado yanachuruzika, hata majirani huja na ndoo, na pia nimejipanga, pipa langu la sabuni ya mazulia nimelipandisha juu ya matofali, mpira wa bombani nimeuzamisha humo mpaka chini na koki siifungi usiku na mchana ili maji yakirudi yajaze yenyewe, fundi bomba aliniwekea valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma nikaing'oa maana ilipunguza kasi, sasa nimwambieje huyu mwanamke akiri ili arudi, na mama yangu asife?

Mume Mwenye Subira

Mume Mwenye Subira, marahaba. Pole nampa mama. Wewe sikupi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Maji yakikatika mtaani, bomba huishiwa nguvu na kufyonza chochote kilicho mwisho wa mpira. Mwisho wa mpira wako kuna nini? Sabuni na jasho la miguu ya watu. Hiyo baraka yako ni pipa linalorudi jikoni, na majirani umewagawia bure. Mkeo alikwambia ni maji. Ulishindwa nini kuonja? Nyumbani kwako hakuna mchawi, kuna mpira na kichwa kigumu.

Chomoa huo mpira sasa hivi. Siku ya kujaza, uning'inize juu ya mdomo wa pipa, usiguse maji hata likijaa, na ukimaliza funga koki. Yule fundi arudishe valvu, na kasi ikipungua, nyamaza. Fungua mabomba yote yamwagike, kisha waite watu wa idara ya maji wapime kabla mtu hajanywa tena. Halafu bisha hodi kwa kila jirani aliyekuja na ndoo, umweleze alichokunywa. Watakutukana, nawe utasikiliza mpaka wamalize.

Ukitoka hapo nenda ukweni. Mama yako aende, na wapangaji uwabembeleze waende, kwa kuwa walisikia. Usimwambie mkeo arudi, hilo ataamua mwenyewe. Mwombe msamaha mbele ya wote, kwa sauti ile ile uliyomwitia mchawi.