Mjane wa Shangazi Eliza

Shangazi,

Kama huko uliko hujaambiwa, nakuambia mimi: ulipokufa uliacha mjane. Ilisomwa kwa kipaza sauti kando ya jeneza lako, mbele ya mchungaji na nusu ya Igamba. "Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu." Wewe, Eliza, uliyerudi kutoka kwa mumeo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na godoro kichwani, ukaapa kwamba mwanamume wa mwisho utakayempikia ni baba yako. Una mjane. Hongera.

Nacheka nikiandika, lakini usidanganyike. Nina hasira tangu siku ile, na hasira yangu unaijua. Ulikuwa ukisema nimeirithi kwako, na kwamba huo ndio urithi wa pekee ambao kaka zako hawatakuja kuugombea.

Aliyesoma ni Stefano wa baba mdogo Yohana, yule wakala wa forodha anayekuja kijijini kutoka Tunduma na simu mbili, zote anazishika mkono mmoja ili tuzione. Historia yako aliitengeneza kwenye steshenari moja karibu na mpaka. Pale wanayo historia iliyokwisha kuandikwa, imekaa kwenye kompyuta, na kila mfiwa akija wanabadilisha jina na kijiji. Aliyepita kabla yako alikuwa mzee wa kanisa fulani. Dada wa steshenari akafuta jina lake, akaandika lako, akamsahau mkewe. Yeye simlaumu, ana foleni ya watu wenye haraka. Namlaumu Stefano, aliyekuja kutusomea kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma.

Kwa hiyo Shangazi, jua pia kwamba ulikuwa "mzee wa kanisa mwaminifu". Ulikuwa "mpenda amani, mpole wa maneno, kimbilio la majirani". Hapo mama jirani yako wa chini, yule mliyegombania mfereji wa maji mpaka akafa yeye kwanza, nadhani aligeuka kaburini. Waombolezaji walitazama chini. Mtu mmoja alikohoa kwa muda mrefu kuliko anavyokohoa mgonjwa.

Ungekuwepo ungesimama. Ulikuwa ukisimama katika misiba ya wengine, ndiyo maana wasomaji wa historia walikuogopa. Na usiposimama, ulinisubiri nyumbani. Tulikuwa tunakaa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, tunachambua zile mbovu na kuzitupa pembeni, nawe unaanza, "Haya, sasa tumzike vizuri."

Tulimzika vizuri mzee Ambakisye, ambaye makaburini alisomwa kuwa aliwapenda jirani zake. Ulisema kila msimu wa kulima alikuwa akisogeza mpaka wake hatua moja, kimya kimya, kama mtu anayevuta blanketi. Kisha ukasema mwaka wa njaa ni yeye aliyefungua ghala lake, akawagawia mahindi watu walewale aliomega ardhi yao, na hakumdai mtu. "Wakisema moja bila lingine, wamemzika nusu," ulisema. Tulimzika vizuri bibi Tamari, aliyesomwa kwa sentensi mbili kuwa ni mama wa nyumbani, wakati wanaume waliobeba jeneza lake wengi wao walidakwa na mikono yake siku walipotoka tumboni. Tulimzika Aloni, kijana aliyesomwa kuwa "aliugua kwa muda mfupi". Aliugua muda mrefu, Shangazi, na ndugu zake walikuwa wakimwekea chakula mlangoni, na aliyemwogesha ni dada yake peke yake. Dada huyo hakutajwa. Hao waliomwekea chakula mlangoni walitajwa wote, kwa majina na vyeo.

Nilikuwa nadhani unapenda umbea. Baadaye, nilipokwisha kusoma vitabu vingi na kugombana na watu wengi, ndipo nikaona ulichokuwa unakifanya. Historia ya marehemu haiandikwi na aliyemfahamu. Inaandikwa na aliye karibu na mali. Ndiyo maana wafu wetu wote wanafanana. Mtu asiye na ugomvi hana pia madai. Ukishamfanya mtu mpole katika umauti wake, unaweza kuchukua chochote alichokuwa anakilinda.

Sasa nifike kwenye lililonitoa damu machoni. Katika ile karatasi nzima, sentensi moja tu ndiyo waliyoitunga wenyewe: "Katika uhai wake marehemu alilitunza shamba la kahawa la ukoo." Alilitunza. La ukoo.

Mteremko ule babu alikupa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Ulikuwa mawe na vichaka, na kaka zako walicheka. Waliendelea kucheka mpaka miche yako ilipozaa, kisha wakaanza kukumbuka kwamba ardhi ina ukoo. Na sasa Stefano amempata mnunuzi anayetaka kung'oa kahawa yote apande maparachichi. Nyumba yako imo humo. Kaburi lako limo humo. Na Foibe yumo humo, yatima wa dada yako uliyemlea mpaka akawa mama wa watoto wake, Foibe uliyesema mbele ya watu kwamba baada yako shamba ni lake. Walipanga kumwambia atafute chumba Vwawa.

Nilisimama, Shangazi. Sikungoja. Nilisema, "Hapo mmekosea, shamba lile ni la..." na Stefano akaiashiria kwaya. Akainua mkono kidogo tu, kama mtu anayesimamisha bodaboda. Kwaya ikaanza. Sauti nne, na kinanda. Nikaendelea kusema, wao wakaendelea kuimba, na kwaya ile ina mapafu ya kutosha, unawajua. Nilimaliza hoja yangu yote katikati ya ubeti wa tatu na hakuna aliyesikia hata neno. Watu walidhani naomboleza. Mama mmoja alikuja akanishika kiuno, akanikalisha, akanipa maji.

Tanga lilipokwisha waliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwa baba mdogo Yohana, kwenye yale makochi yenye vitambaa vya kufuma. Foibe alikuwa akigawa chai. Stefano alizungumza vizuri, lazima niseme. Alisema shamba ni la ukoo, na kwamba hilo si neno lake: lilisomwa msibani, mchungaji akiwepo, serikali ya kijiji ikiwepo, na hakuna aliyepinga.

Nikasema nilipinga mimi.

"Dada, ulipinga saa ngapi?" akasema, kwa upole kabisa. "Watu tulikuwa tunaimba."

Wakacheka. Binamu mmoja akasema Bi Gazeti amezoea kupinga hata pale asiposomwa. Bi Gazeti ndiye mimi, unajua, kwa sababu ya makala ninazowapelekea wahariri. Ningeweza kuanza na sheria, kwamba nchi hii inampa mwanamke ardhi kama inavyompa mwanamume, na nilikuwa nimejiandaa hivyo. Lakini nikaziona zile sura. Sheria wangeiitikia kwa heshima, kisha wangeendelea na chai. Ndipo nikakusikia wewe kichwani, na lile neno lako la Nakonde ulilokuwa ukilitumia ukinikuta nazunguka: "Iwe, ingia mlangoni," yaani wewe, acha kuzunguka nyumba.

Nikaingia mlangoni. Nikasema nimekubali, historia iliyosomwa ni ushahidi. Kanisa lilikuwepo, kijiji kilikuwepo, hakuna aliyepinga. Basi mleteni mjane.

Stefano akauliza mjane gani.

Nikasema marehemu ameacha mjane, tumesikia wote, na huyo mwanamke hajaitwa kwenye kikao. Inawezekanaje ukoo ukauza shamba la marehemu na mjane wake hajaulizwa? Yuko wapi? Analala wapi? Nani anampelekea uji? Mke wa baba mdogo, ambaye maisha yake yote ameogopa kucheka mbele ya mumewe, alifunika mdomo kwa khanga, na mabega yakamsaliti. Kutoka hapo kicheko kikahama upande. Stefano akasema hilo lilikuwa kosa la steshenari. Nikamuuliza: na sentensi ya shamba, hiyo nayo ni ya steshenari? Akasema ndiyo, huenda, vitu vile vinachanganyika.

Foibe akaweka birika chini. Unamjua Foibe, anaweza kumaliza wiki bila kusema sentensi nzima. Alisema, "Hiyo si ya steshenari, kaka. Uliitunga hapa, kwenye kochi hilo. Uliniuliza 'alilitunza' inatosha au tuongeze 'kwa uaminifu'. Nilikuwa nakumiminia chai."

Stefano akazigeuza simu zake kifudifudi.

Kisha baba mdogo akasema. Kaka yako mdogo Yohana, Shangazi, ambaye sikuwa na deni la heshima kwake na leo nashindwa kumtukana vizuri. Alisema alikuwa anachunga ng'ombe juu ya mteremko ule ulipokuwa unachimba mashimo ya miche. Yeye na wenzake walikuwa wanangoja uondoke, wanayajaza mawe. Kesho yake unakuja, unayatoa mawe, unachimba upya, huulizi mtu. "Tulichoka sisi," akasema. "Yeye hakuchoka." Akamwambia mwanawe kwamba karatasi ya kuuza haitapata jina lake. Halafu, ili nisimpende sana, akaongeza kwamba hata hivyo si desturi mwanamke kuachiwa kahawa, na kwamba chai imepoa.

Ndiyo hivyo. Mnunuzi ameondoka na maparachichi yake. Stefano ametangaza atakwenda baraza la kata, na namsubiri huko. Safari hii nitaanza mimi, na kwaya haitakuwepo. Foibe amekwisha kata maotea ya mibuni, mashine ya kumenya imetiwa mafuta, na kahawa ya chini imeanza kuwa nyekundu. Nilikwenda Jumamosi kusaidia. Aliangalia kikapu changu, akatoa zile mbichi moja moja bila kunitazama, kama ulivyokuwa ukifanya.

Sasa nikugombeze na wewe, maana hujapona kwa kufa. Nilikuambia mara ngapi uende ofisi ya kijiji ukaliandikishe lile shamba? Ukaniambia kahawa inamjua mwenyewe. Kahawa haijui kitu, Shangazi. Kahawa ilisimama pale ikiwa na matunda siku walipokuwa wanaiuza. Ulikuwa na kiburi cha mtu anayedhani jasho lake linaonekana. Linaonekana kwa waliokuwepo tu, na waliokuwepo wanakufa, au wanaogopa, au wana mtoto mwenye simu mbili. Ulimwachia Foibe vita ambayo ungeimaliza kwa asubuhi moja ya kukaa kwenye benchi. Nakupenda na sijakusamehe.

Kuna jambo jingine. Stefano anajenga kaburi lako kwa vigae, ni kujisafisha, na ameagiza jiwe lililoandikwa "Mpenda Amani". Nimempigia fundi simu. Nimemwambia akilibandika jiwe hilo nitakuja na nyundo, na fundi, ambaye uliwahi kumfukuza shambani akiwa anakata kuni zako, akasema hata yeye alishangaa. Litaandikwa jina lako, na jina la Igamba, na chini yake: "Aliipanda kahawa hii." Basi.

Siku ya kulifunua nitasoma mimi. Sitapita steshenari. Nitasema ulivyorudi na godoro, na alama ulizorudi nazo mgongoni, ambazo ukoo huu haukutaka kuziona. Nitasema mawe na mashimo, na baba mdogo ataketi mbele asikie. Nitasema ulivyomlea Foibe. Nitasema pia ulivyokuwa mchoyo wa sukari, ulivyowachapa watoto wa watu, ulivyomnyima yule mama wa chini maji mpaka mwaka wake wa mwisho, kisha ukalia kwenye msiba wake kuliko wanawe, na hukutueleza kwa nini. Nitakuzika mzima. Uliniomba hivyo mara moja tu, tukiwa kwenye vichanja, ukisema siku yako nisiwaache wakusome kama wengine. Siku ile ya jeneza walinishinda kwa kinanda. Hawatanishinda tena.

Kaa salama, Shangazi. Sikutakii pumziko la amani, hilo lilikuwamo katika ile karatasi ya mzee wa watu. Nakutakia mteremko, na jembe lenye mpini mzuri, na jirani wa kugombana naye.

Na mjane wako akifika huko, mpokee. Ametusaidia kuliko ndugu wengi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Kutoka Chapwa, Tunduma