Vistari Vitatu vya Mama Buya

Jumatano, Garsen. Saa tisa alasiri, jua kali, hata jani halitikisiki.

Siwezi kukaa. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye hiki kiti sijui mara ngapi. Nimefagia duka mara mbili na halina cha kufagiwa. Nimepanga karatasi, nimezipangua, nimezipanga tena. Sasa naandika, labda mikono ikipata kazi moyo nao utatulia.

Wacha nieleze tangu mwanzo, maana nimechoka kusema mambo nusu nusu.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu. Nina chumba kimoja karibu na stendi, kompyuta moja na printa moja yenye hasira zake. Nachora kadi za harusi, mabango ya maduka, vyeti vya watoto wa chekechea. Miezi michache iliyopita kamati ya mnada wa ng'ombe ikanipa kazi ambayo sijawahi kuifanya: bango kubwa la alama za moto, zile ambazo kila nyumba huwapiga ng'ombe wake pajani kwa chuma. Ng'ombe akipotea na kuokotwa, analetwa zizi la mnada, karani anatazama paja, anatazama bango, kisha anamwita mwenyewe. Zamani bango halikuhitajika kwa sababu wazee wa mnada walizijua alama zote kwa kichwa. Lakini karani wa sasa, Bakari, ametoka Kipini, kwao ni samaki. Kwake yeye zile alama ni mikwaruzo tu, na mwenyewe anakubali.

Nilifurahi mno. Mimi ni mtoto wa wakulima, mama yangu analima mpunga, na mnajua huku kwetu kati ya watu wa shamba na watu wa ng'ombe kumepita maneno. Wafugaji kuniachia mimi alama za baba zao halikuwa jambo dogo. Nilizunguka na daftari boma kwa boma. Kila mwenye ng'ombe alinichorea alama yake kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikaandika jina pembeni. Zikatimia arubaini na moja.

Mama Buya alinichorea ya kwake akiwa amechuchumaa mlangoni. Ni mjane, na baada ya ule ukame amebaki na ng'ombe sita. Akachora upinde, na chini ya upinde vistari vitatu vifupi. Akanitaka nivihesabu kwa sauti. Kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, upinde ni uleule ila vistari ni viwili. Ndivyo wale ndugu wawili walivyoigawa alama ya baba yao siku walipogawana mifugo. Akanirudishia kalamu, akaniletea maziwa.

Kwa hiyo niliambiwa. Siwezi kusema sikujua.

Nilichora vizuri, hilo nitajisifu. Kwenye programu ya kuchorea mstari unabaki mstari, uukuze utakavyo, makali yake hayaondoki. Shida ni pale unapoitoa kazi nje ya programu iwe picha. Hapo kunafunguka kisanduku kinakuuliza unataka nukta ngapi kwa kila inchi. Changu kilikuwa kimebaki kwenye sabini na mbili, tangu nilipotengeneza kadi ya harusi ya kutumiana kwa simu. Kwa kioo cha simu inatosha. Kwa bango la ukutani ni aibu.

Na nilikiona.

Nilikiona kabisa kile kisanduku. Stima ilikuwa imepotea, betri imebaki kidogo, bando nalo linakatika, na faili zito lingenichukua nusu saa kulituma. Nikajisemea liende hivyo hivyo. Ukurasa wenyewe niliuchora mdogo, saizi ya karatasi ya kawaida, nikategemea mchapishaji wa Malindi ataukuza. Juu ya hayo nikautuma kwa simu kama picha badala ya faili, na njiani ikazidi kubanwa. Hebu fikiria. Makosa matatu kwa dakika tano, na yote nayajua kwa majina.

Bango lilipofika nikalikunjua hapa juu ya meza. Majina nilikuwa nimeyaandika kwa herufi nene, kwa hiyo yalisomeka. Nikayasoma yote mara tatu nisije nikakosea jina la mtu. Kwenye alama nikaona ukungu. Vile vistari vya chini ya upinde vilikuwa vimeshikana, kwa Mama Buya doa, kwa shemeji yake doa. Nikasema moyoni, litatundikwa juu, nani atasogea karibu kiasi hicho? Nikalikunja, nikampelekea Bakari, tukapiga picha nalo tukicheka.

Wiki iliyopita mtamba wa Mama Buya akapotea. Ni jike ambaye hajazaa bado, ila ana mimba, na ndiye tegemeo lake la maziwa mwakani. Akaokotwa upande wa Tarasaa, akaletwa zizini. Kwenye paja ana upinde na vistari vitatu, wazi, mtu yeyote anavihesabu. Bakari akatazama bango. Akakuta pinde mbili zinazofanana na madoa mawili yanayofanana. Shemeji akasema wenye vistari vitatu ni wao. Mama Buya akasema ni yeye. Wazee wawili wangeweza kuamua, lakini mmoja amelazwa Malindi na mwingine ni mkwe wa shemeji, amekataa kufungua mdomo. Bakari akafuata utaratibu wa kamati: mnyama asiyejulikana mwenyewe anauzwa mnada unaofuata.

Mnada unaofuata ni kesho.

Jumatatu Mama Buya akaja hapa dukani. Hakugomba. Aliniuliza tu imekuwaje vistari vyake havionekani. Na mimi, bila hata kumeza mate, nikamwambia ni wale wachapishaji wa Malindi, mashine yao mbovu. Bakari naye nilikuwa nimemwambia vivyo hivyo kwa simu. Mama Buya akaamini. Akaenda zizini kusema bango limeharibiwa Malindi, na shemeji yake akamcheka mbele ya watu: mama, wewe ulikuwa Malindi ukaona?

Niliposikia hilo nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi kwenye kompyuta.

Jana nikaitoa kazi upya. Nimepanua ukurasa ukawa saizi ya bango lenyewe, nimeacha mistari ibaki mistari isigeuzwe picha, nimetuma kama faili na bando nimenunua la kutosha. Yule fundi wa Malindi, ambaye nimempaka matope kwa kosa langu, amechapisha haraka na akanipigia kuuliza kama rangi nimeipenda. Nikashindwa hata kumshukuru vizuri. Mzigo umefika leo saa sita.

Nikamwita Mama Buya alikague bango kabla halijaenda popote. Hajui kusoma, kwa hiyo nilidhani nitamsomea majina. Wapi. Alipiga magoti hapa sakafuni, akaanza kupitisha kidole kwenye alama, na kila alama akataja nyumba yake, ya huyu, ya yule, ya fulani aliyehamia Madogo, ya fulani aliyefariki. Arubaini na moja bila kukosea na bila kutazama herufi hata moja. Mimi nimesimama nyuma yake nikilinganisha na majina, na kila aliposema niliona jina lilelile pembeni.

Ndipo ikanigonga. Bango hili sikulichora kwa ajili ya watu wa herufi. Wenye bango ni hawa, na kile wanachosoma hawa ndicho nilichokiacha kiwe doa, huku nikisoma majina mara tatu na kujiona mwangalifu. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Alipofika kwenye alama yake akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akatabasamu. Kisha akasema jambo nililokuwa nikiliogopa: shemeji atadai bango hili jipya nimelichora nilivyoambiwa na yeye Mama Buya. Ni kweli atadai. Na watu watamwamini, tena watakumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Dawa ya hilo ninayo, imo kwenye mkoba. Ni daftari. Ukurasa wa kumi na nane shemeji mwenyewe amechora upinde na vistari viwili kwa mkono wake, wino wake, na jina lake liko pembeni. Lakini nikilifungua daftari mbele ya kamati, swali la kwanza litakuwa: kama daftari lilikuwa sawa, na Malindi wamechapisha walicholetewa, nani kati ya hapo aliharibu?

Nikamwambia. Sakafuni hapo hapo, tumetazamana. Nilimwambia haikuwa Malindi. Ni mimi, na bango la kwanza lilipofika niliuona ukungu nikanyamaza.

Kidole chake kilikuwa bado juu ya alama yake.

"Uliona, ukalipeleka."

"Nililipeleka, mama."

"Basi mwambie karani leo," akasema. "Kesho watu watakuwa wengi, utaogopa."

Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Akajifunga leso yake, akaniuliza hali ya mama yangu na mpunga wake, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa saa saba. Sasa inakwenda saa kumi na bado simu iko mezani. Mara mbili nimempigia Bakari nikakata kabla haijaita. Kamati ya mnada wa Chewele nayo inataka bango kama hili, na yeye ndiye aliyewapa jina langu. Akijua, nani atanipa tena alama za baba yake? Nimejiuliza pia kama naweza kusema nusu tu, niseme ni kosa la kompyuta. Kompyuta ilinifanyia nililoiambia. Hata kisanduku iliniuliza.

Nimefungua faili tena, nimekuza vile vistari mpaka kimoja kikajaa skrini yote. Kimekaa wima, safi, hakina hata ukungu. Sijui nilikuwa nategemea kuona nini.

Haya. Napiga.

Nimeongeza hapa baada ya kupiga. Alipokea mara ya kwanza. Nikamwambia Malindi hawana kosa, bango la kwanza nililitoa vibaya mimi, nikaliona bovu na bado nikamletea, na daftari lenye mikono ya wenyewe nitakuwa nalo zizini kesho kabla ya mnyama yeyote kutolewa. Nilisema kwa mbio, nadhani sikuvuta pumzi. Nikasikia anafungua kile kitabu chake kikubwa cha mnada na kutafuta kalamu.

"Dada Zena," akasema, "sema tena polepole, niandike."

Nikasema tena, polepole.