Penseli Iliyofutwa

Kwa dada yangu mpendwa Araceli,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Carolina Kaskazini. Natumaini wewe, shemeji na kitoto hamjambo, na joto la Texas halijawamaliza. Sisi kiafya tu wazima. Baba bado anaondoka alfajiri kwenda kiwanda cha kuku, na mdogo wetu Efraín ameota lile jino la mbele. Nimeamua kuandika kwa sababu unanijua: kwenye simu mimi husema "ndiyo" na "sawa", halafu nampa Mama.

Unakumbuka mwaka jana Mama alivyoninunulia vitabu vya hisabati mtandaoni, kwenye lile kundi la akina mama wanaosomesha watoto nyumbani? Vipya vilimshinda bei. Akampata mama mmoja wa Ohio anayeuza vilivyotumika, nusu bei, na bado akaomba apunguziwe. Mimi ndiye niliyemwandikia kwa Kiingereza. Yule mama akakubali, kwa kuwa mwanawe aliandika majibu humo humo vitabuni, ila akasema ameshayafuta yote kwa mkono wake. Mama alicheka, akasema mwanamke anayefuta kurasa mia tatu anaaminika kuliko padri. Boksi lilipofika akanikataza kuandika hata nukta kitabuni. Majibu yote kwenye daftari, maana kitabu kisafi kinauzika tena.

Asubuhi nilisoma kwa Kihispania pamoja naye, mchana hisabati kwa Kiingereza peke yangu. Hiyo Mama huisahihisha kwa kulinganisha tu na kitabu cha mwalimu. Kila Ijumaa nilipata zote. Akawatangazia watu kanisani, na Baba akaanza kuniita Injinia, eti chapati ya mahindi ya kwanza ni ya Injinia.

Mwezi Mei nikafanya ule mtihani ambao jimbo linautaka kila mwaka. Hisabati nilianguka vibaya. Mama aliyatazama matokeo mara tatu, kisha akanipa nimtafsirie, kana kwamba Kihispania kingekuwa na huruma zaidi.

Ndipo ulipopiga simu. Alikuweka kwenye spika huku anakanda unga, kwa hiyo nilisikia yote. Ulisema ulimwonya, kwamba mtu aliyeishia darasa la sita kule kwao Michoacán hawezi kumfundisha msichana wa sekondari. Mama alinawa mikono, na siku ile ile akatangaza mtandaoni vitabu vyote vya kwenye rafu, hata vya Efraín. Agosti Efraín anarudi shuleni, kule kule walikokuwa wakimwigiza kigugumizi chake. Baba alilalamika, "We mwanamke, mtihani mmoja tu!" Mama akasema Araceli hakukosea.

Ulikosea, dada. Penseli ilifutwa, lakini yule mtoto wa Ohio alikuwa akiandika kwa kukandamiza. Ukiuinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, mikwaruzo inasomeka. Niliigundua Oktoba, kwa swali moja lililonishinda. Niliona haya kumwambia Mama sielewi, kwa sababu angeona haya yeye, kwa kushindwa kunieleza. Baada ya hapo sikujaribu tena hata swali moja, nilinakili tu. Na siku uliyopiga simu nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza.

Leo asubuhi nimemwambia. Alikuwa anavizungushia vitabu magazeti. Nilitegemea kofi, halafu avirudishe kwenye rafu, yaishe. Aliuliza tu tangu lini. Nikasema Oktoba. Akahesabu kwa vidole hadi Mei, kisha akaniuliza kwa upole, mwalimu gani huyo anayekaa miezi minane nyumba moja na mwanafunzi wake asijue kwamba hajui kitu? Akaniomba nimkatie selotepu, nikamkatia.

Mnunuzi anakuja Jumamosi. Mimi maneno yangu yamekwisha, na yamemwongezea tu uchungu. Mpigie wewe, dada, kabla boksi halijatoka mlangoni. Wewe anakuamini.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya nyingi,
Noelia