Kabla Hujampelekea Cherehani ya Mama Yako

Tinde, Shinyanga,
12 Agosti 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Nakuitikia ingawa hukuniamkia. Barua yako nzima nimetafuta shikamoo sikuiona. U mzima huko Runzewe? Unakula? Mimi goti linauma, lakini natembea, na juzi nimetembea kwa ajili yako.

Unasema umepata wa kukufundisha biashara ya kushona nguo za kazi za wachimbaji, huyo Mzee Eustace, na Jumamosi unampelekea cherehani ya marehemu mama yako ikae kwake. Unamsifu eti ameshawafungulia watu maduka. Umewaona hao watu? Hujawaona. Anayetaka fahali huenda kwanza kuangalia ndama wake. Wewe umeangalia gari lake!

Basi nikaenda mimi.

Bugarama nilimkuta Ritha, yule binti wa jirani yetu wa zamani, mmoja wa hao aliowafungulia maduka. Duka safi, vitambaa vimepangwa, mteja hata mmoja. Nje wachimbaji wanapita na suruali zimechanika magotini, hawageuzi hata shingo. Nikamuuliza mwalimu wake alimfundisha nini. Akakohoa mara mbili, polepole.

"Alinifundisha kungoja, bibi."

Kumbe anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nyamizi, Ritha nimemlisha ugali mimi, ni wa kulia yule! Nikamuuliza ameanza lini kushoto. Akautazama mkono wake kama kitu ambacho mgeni amekisahau pale mezani.

Kahama, upande wa Buzwagi, yuko Boaz, naye kafunguliwa duka na Mzee huyohuyo. Hamjui Ritha wala hajawahi kumwona. Nikauliza swali lilelile. Akakohoa mara mbili.

"Alinifundisha kungoja, bibi."

Mkasi mkono wa kushoto. Mama anayeuza mihogo pale nje akaninong'oneza kwamba Mzee Eustace ndivyo alivyo, kikohozi hichohicho, mkono huohuo. Nikaondoka bila kuaga, mimi nisiyeogopa fisi.

Nikapita kwa Mama Ghati, muuza mitumba wa pale Kahama. Ana mdomo mchafu, sikatai. Nilimkuta anagombana na Eunice, binti ambaye yeye Mama Ghati ndiye alimfundisha kazi, na sasa amefungua kibanda mbele ya kibanda chake.

"Mwizi wa wateja wewe!"

"Si umenifundisha mwenyewe, mama? Sasa unalia nini?"

Wakacheka mpaka wakashikana, wakagawana chai. Huyo ndiye mwalimu, Nyamizi mke mwenzangu. Anayetoka kwake anatoka na ulimi wake, hata wa kumtukania. Nimemweleza habari zako. Amesema uende ukae naye, na cherehani ubaki nayo mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nikaifungua tena barua yako, nikaisoma karibu na dirisha. Ndipo nikaona. Herufi zote zimelalia kushoto. Na mwishoni umeandika kwamba kwa sasa unangoja.

Simu ninayo, usidhani imeharibika. Nimeandika kwa makusudi. Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, ulivyokuwa ukinifundisha kuandika, unanichapa vidole kwa rula na mimi nakutukana? Mwandiko huu unaousoma ni wako. Sikujifunza mwingine. Uweke karibu na ule wa barua yako, uangalie mpaka uone. Kisha shika kalamu kwa mkono wa kulia, uufuate huu wangu, herufi moja moja kama ulivyonifuatisha, uniandikie shikamoo. Shikamoo tu inatosha. Mpe Maduhu dereva wa basi, inifikie kabla ya Jumamosi.

Shangazi yako Lusia anakusalimu, amekuwekea karanga. Nisalimie Baba Selestine mwenye nyumba wako, mwambie asimfungulie mlango mtu atakayekuja kubeba cherehani.

Mungu wa babu zako akushike mkono, huo wa kulia, asiuachie.

Wako akupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako, Kabula.