Vijiti Tisa vya Baba

Kitengela,
Jumapili.

Kaka yangu mpendwa Muteti,

Pokea salamu zangu. Natumai wewe na wifi hamjambo huko Entarara, na vitunguu vimepona ile mvua. Hapa tuko wazima, ila mkono wa kulia wa Baba bado ni dhaifu tangu kiharusi kimpige mwezi wa tatu.

Kaka, hawa watu wa utafiti siwaamini. Walisema nusu ya wagonjwa wanapewa dawa mpya na nusu vidonge visivyo na kitu, na hakuna anayejua Baba yuko upande gani. Haya, tukakubali. Lakini kila mwezi huyu Florence wao anakuja na saa na ubao wa mashimo tisa. Baba anatia vijiti tisa na kuvitoa kwa mkono huo, Florence anaandika sekunde, anafunga begi. Basi! Hamuulizi kama anajilisha wala kama anafunga vifungo vya shati.

Nilimbana mlangoni nikamuuliza kama walichagua vijiti ili dawa yao ionekane nzuri. Alinijibu kwa upole kwamba kujilisha kwa kijiko kuna majibu mawili tu, anaweza au hawezi, na kwa kipimo hicho wangehitaji zaidi ya wagonjwa mia sita. Sekunde zinaonyesha hata nafuu ndogo, kwa hivyo mia mbili wanatosha, na kwa uchache huo kila mgonjwa ana uzito. Nikasema moyoni, huyu ananizungusha.

Mwezi uliopita Baba alitoka dakika mbili akafika dakika moja na kidogo. Florence alifurahi hadi akampigia makofi. Mchana huo huo nilimlisha Baba muthokoi wake wa mahindi na maharagwe kwa kijiko, kama kawaida.

Sasa keti, kaka. Anayedanganya hapa ni mimi. Ile siku ya kwanza Baba aliangusha vijiti vyote akalia mbele ya mgeni, na mimi mwalimu nikashindwa kuvumilia mtu wangu afeli. Nilienda kwa fundi wa mbao akanitengenezea ubao kama ule. Kila siku nikitoka shule namfunza Baba, mara ishirini. Wizi wa mtihani, kaka, na mimi ndiye nasimamia mitihani! Mkono haujapona, umezoea vijiti tu. Kama hiyo dawa itasifiwa kwa sababu yetu, watapewa watu wengi, na wewe mwenyewe uko na presha, kesho kiharusi kinaweza kukupiga.

Florence anakuja Alhamisi kupima mara ya mwisho. Nitamwonyesha ubao wetu. Nilimwambia Baba jana. Aliniuliza kama kazi yote aliyofanya itafutwa, na tangu hapo haniongeleshi. Hata chakula kutoka mkononi mwangu amekataa. Nimeumia sana. Njoo kabla ya Alhamisi, kaka, umlishe wewe.

Nisalimie wifi na watoto wote, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dadako,
Ndanu