Fasi ya kuangukia

Mercredi, kisha sala

Siku ya tano, na bageni bangali hapa. Nani atabauliza batarudi lini? Mimi? Maman atanifukuza mbele yabo.

Matante batatu, bandugu ya maman, balitoka Idjwi na mashua, na mananasi mingi, kuja kunipongeza sababu nilikuwa wa saba mu Afrika ku mashindano ya kuruka juu. Asante sana, iko heshima kubwa. Maman naye alibatandikia mu salon matela ine: njo zile zenye naangukia ku mazoezi.

Sasa niko navuka kamba ku majani, muguu moja kisha ingine, sawa mutoto wa primaire. Kuruka na mugongo siwezi, nitavunja shingo. Na kisha wiki tatu iko test Kinshasa, ya kuchagua bale batakwenda Ulaya. Niko na vingt-neuf ans, inabakia moja tu nifikishe miaka makumi tatu. Kama banakosa kunichagua sasa, haiko mara ingine. Hiyo sijaambia mutu.

Asubui tante mukubwa aliniuliza: "Mutoto wangu, leo hauende kuruka?"

"Tante, muko munalala juu ya kazi yangu."

Alicheka mpaka machozi. Akaambia benzake champion anajua kuchekesha.

Mangaribi yeye njo aliongoza sala. "Mungu, umunyanyue huyu mutoto kupita bote. Na akianguka, aangukie fasi ya laini."

Tulijibu amina bote, na mimi pia. Kisha akapandisha matela mbili, moja juu ya ingine, akalala, sababu mugongo inamuuma.